Kurasa za Ukuta wa Nyanjige

Walimpiga X usoni.

Hawakujua kama ule ni uso. Vijana wawili wa barabara walishuka kwenye gari na kopo la rangi nyekundu. Mmoja akavuta futi kutoka katikati ya barabara mpaka mlangoni, akasema, "Imo." Mwenzake akachovya brashi, akapiga mistari miwili kona kwa kona, kama mwalimu mwenye njaa anayekosoa hesabu za watoto, wakahamia kwa jirani. Bujiku alikuwa zizini. Mbwa walipobweka akatoka na fimbo yake, akakuta rangi inatiririka kutoka jicho la kushoto la marehemu mke wake hadi kidevuni.

Ilikuwa Jumatano. Jumatatu ingekuja katapila.

Tangazo, walisema, lilibandikwa ofisi ya kijiji tangu masika. Na kweli lilibandikwa, kwa ndani, kwenye ofisi ambayo ufunguo wake unatembea na mtendaji, na mtendaji anatembea na pikipiki. Wakubwa ndivyo walivyo. Wakitaka ujue jambo wanakuja na vipaza sauti. Wasipotaka ujue wanabandika.

Bujiku hakuwa mtu wa kukataa lami. Vumbi la barabara ile ya kutoka Dutwa kwenda Bariadi alikuwa amelila tangu anyolewe ndevu za kwanza. Tena juu ya barabara hiyohiyo mkewe Nyanjige alikata roho, amekaa nyuma ya baiskeli, kwa sababu gari la wagonjwa siku ile lilikuwa limekwenda kubeba viti vya mkutano. Basi lami ije. Nyumba ivunjwe, hana shida nayo, ana shamba upande wa nyuma atajenga nyingine. Lakini ule ukuta wa kulia kwa mlango, huo hapana. Huo wataupita yeye akiwa amelala chini yake.

Mtu asiyeujua ukuta ule angeona tope lenye rangi. Kila mwaka, pamba ikishauzwa na kabla mvua za kwanza hazijaanza kunusa, wanawake wa kule hukandika nyumba upya. Nyanjige naye alikandika kama wengine. Ila kwenye ukuta ule mmoja, akishamaliza kukandika ndipo kazi ilikuwa inaanza. Alichora kwa udongo mwekundu na mweupe na majivu. Alifinyanga vichwa vya watu na pembe za ng'ombe vikachomoza ukutani kama vinataka kutoka. Alikandamiza shanga, mbegu za pamba, vigae vya vyungu alivyovunjikiwa, vizibo vya soda vya harusi aliyoalikwa. Na wakati mikono inafanya hayo, mdomo ulikuwa unatunga wimbo, wimbo mmoja kwa mwaka mmoja. Siku ya kumaliza alichukua jembe akacheza mbele ya ukuta peke yake, akilirusha na kulidaka kama alivyofundishwa usichanani mwake kwenye ngoma ya bugobogobo, watoto wa jirani wakishangilia.

"Mwaka huu nimeuweka," alisema, akanawa mikono.

Mwaka uliofuata alikandika juu yake, akaanza mwingine. Wenye akili nyingi walimuuliza, mama, mbona unafuta kazi nzuri hivyo? Naye akawauliza, "Wewe ukifunua ukurasa wa daftari, ule wa nyuma umefutika?"

Miaka ishirini na miwili aliweka. Kuzaa kwake, kuzika kwake, njaa ile kubwa, ng'ombe waliokufa, siku aliyompiga karani wa pamba kwa ufagio. Vyote vilikuwa mle, kimoja nyuma ya kingine, unene wa kiganja na vidole. Mwaka wa mwisho alikuwa mgonjwa, akachora uso wake tu, mkubwa, jicho moja limefumba. Juu ya jicho lililo wazi ndipo walipompiga X.

* * *

Mtendaji, Josia, alikuja jioni ile kutoa pole ambayo haikutoka.

"Baba Kabula, usijitie presha. Ukuta ni tope. Tope lipo popote."

"Na wewe ni nyama, Josia. Nyama ipo buchani. Mbona mkeo hajaenda kununua nyingine?"

Josia akacheka kwa pua, akawasha pikipiki. Nyuma ya kiti chake alikuwa amefunga kalenda ya mwaka, imekunjwa, ya kubandika ofisini. Bujiku hakuhitaji kuikunjua. Aliijua.

Habari ya kalenda ilianza hivi. Mwaka jana alikuja binti mmoja kwa bodaboda, miwani, viatu vya raba, mwenyeji wa Bukoba aliyepangiwa kazi Maktaba ya Mwangaza, ile mpya ya Bariadi mjini. Jina lake Hilaria. Alikuwa amesikia habari za ukuta mnadani Dutwa. Akapiga picha moja, mbili, kumi. Bujiku akamwambia, "Mayu, hiyo unayopiga ni ya juu. Chini yake ziko ishirini na moja." Binti alikaa chini palepale kwenye vumbi na suruali yake nzuri. Akauliza maswali mpaka bodaboda akalalamika. Akaacha karatasi yenye mhuri: Maktaba inakusanya kazi za wasanii wa mkoa wanaosimulia maisha yao wenyewe, ili zitunzwe kwenye chumba cha kumbukumbu kwa ajili ya vizazi vijavyo. Akasema atarudi kuchukua nyimbo.

Hakurudi. Ilikuja kalenda. Uso wa Nyanjige umejaa karatasi nzima, juu ya Januari na Februari, na chini yake maneno: *Ukuta wa asili, Simiyu.* Jina hakuna. Kama vile ukuta ulijiotea wenyewe, kama kichuguu.

Ile karatasi ya mhuri Bujiku aliitunza ndani ya kibuyu. Usiku wa Jumatano aliitoa, akaisoma kwa kidole, neno kwa neno, kwa lile darasa lake la nne. Hapakuwa na mahali iliposema picha. Ilisema *kazi*.

* * *

Asubuhi alimwita Salu, mdogo wake Nyanjige, mwenye mkokoteni na maksai wanne.

"Shemeji, umechanganyikiwa," Salu alisema alipoelezwa. "Unataka kupeleka ukuta mjini?"

"Wamesema wanatunza. Wakatunze."

"Watasema umetoka nao Gamboshi kwa wachawi, umekuja kuwaroga."

"Wakiogopa, vizuri zaidi. Watautunza kwa heshima."

Salu akavua shati.

Walipitisha msumeno wa mbao kwa mbele, wakimwagia maji kidogokidogo, na kwa nyuma, katikati ya tofali mbichi, wakapitisha waya wa breki za baiskeli, mmoja ndani ya nyumba, mmoja nje, wakivutana kama watu wanaogombea kamba ya ndama. Kipande cha kwanza kilitoka saa nne. Kilikuwa kizito kama mtu aliyekufa, na Bujiku alijua uzito huo. Wakakilaza juu ya majani ya mahindi, wakakifunga kwenye gunia la pamba. Cha tatu kilikuwa chenye uso na X yake. Cha saba kilimwagika chote, kikabaki vumbi na shanga, na Bujiku akaziokota shanga moja moja akazitia mfukoni.

Ndipo Salu akachuchumaa mbele ya kipande cha nne, akaanza kukitazama ubavuni pale kilipokatwa.

Kwa ubavuni mtu aliona yote. Mstari mwembamba mwekundu, mweupe, wa kijivu, mwekundu tena, kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Na karibu na katikati, mstari mmoja mweusi tititi, mnene, umejaa nyufa.

"Shemeji," Salu alisema, kidole juu ya mstari. "Hii ni ile ya Binza, sio?"

Bujiku alijifanya anafunga kamba.

"Nakuuliza wewe. Dada hakukandika na udongo wa mbuga hata siku moja. Nani anakandika kwa mbuga? Hata mtoto anajua mbuga inapasuka."

"Ni hiyo."

"Na hii nayo unawapelekea?"

Jambo lenyewe lilikuwa hivi, na kijiji kizima kilikuwa kinalijua ingawa walilisema mgongoni kwake. Mwaka wa tisa wa ukuta, Bujiku alipeleka pamba Maswa akanogewa. Kulikuwa na mwanamke wa duka pale Binza, mcheshi, mwenye redio. Akakaa kwake msimu mzima. Huku nyuma, Kabula, mtoto wao wa kwanza, akashikwa na homa. Nyanjige akambeba mgongoni mpaka zahanati, akakuta kufuli. Bujiku alirudi siku ya nne ya msiba, na kandambili mpya miguuni.

Mwaka ule Nyanjige aliweka ukutani mwanamume aliyegeuza mgongo, anaondoka, na nyuma yake kichuguu kidogo kisicho na shanga hata moja. Akatunga na wimbo. Bujiku aliporudi kutoka malishoni akakuta watu wamesimama wanatazama. Alikwenda bondeni na debe, akachota udongo uliokuwa karibu, udongo mweusi wa mbuga, akaja akaukandika ukuta wote kwa mikono yake, jua linawaka, watu wanaona. Nyanjige alisimama mlangoni, akamwacha.

Wiki mbili udongo wa mbuga ukakauka, ukapasuka kama unavyopasuka siku zote. Kwenye kila ufa ukachungulia mgongo wake. Mwaka mzima Bujiku aliingia na kutoka nyumbani kwake akipita mbele ya mgongo wake mwenyewe, vipande vipande. Nyanjige hakubandua na hakuziba. Msimu ulipofika alikandika juu yake kwa udongo mzuri wa kichanga, akaendelea na maisha.

"Tunaweza kukitupa hiki," Salu alisema taratibu. "Tuseme kimemwagika kama cha saba. Nani atajua?"

Bujiku aliizungusha kamba mkononi. Maksai walikuwa wanatafuna. Ng'ambo ya barabara alama nyingine nyekundu zilionekana nyumba kwa nyumba, mpaka kwenye kona.

"Funga," akasema. "Funga vizuri hicho kuliko vyote."

* * *

Walitoka Ijumaa kabla hakujapambazuka, wakafika Bariadi watu wakitoka kula mchana. Mkokoteni wa maksai wanne kwenye geti la Maktaba ya Mwangaza haukuwa jambo la kila siku. Mlinzi, mzee aliyevaa sweta juani, aliwazuia.

"Mwadila, baba. Mnaleta mchanga? Ujenzi umekwisha."

"Mwadila. Tunaleta kitabu," Bujiku akasema.

Mlinzi alitazama magunia sita, akatazama maksai, akamtazama Salu kama anayeomba msaada. Salu akatazama pembeni.

Hilaria alitoka mbio. Alipomtambua Bujiku alisimama ghafla, mkono mdomoni, kwa sababu mtu mwenye aibu ya kalenda hawezi kujificha.

"Baba, shikamoo. Mimi nilitaka kurudi. Niliomba usafiri mara tatu, mkuu akasema picha inatosha..."

"Marahaba. Sikuja kwa ajili ya pole." Akatoa kibuyu, akatoa karatasi. "Huu ni mhuri wenu?"

"Ni wetu."

"Imeandikwa nini hapa? Kazi au picha?"

Binti akasoma, ingawa aliiandika mwenyewe. "Kazi."

"Basi shusheni."

Waliingiza vipande kwenye korido, wanaume sita na mlinzi akiwa wa saba, na kila mtu akapata vumbi lake. Hilaria alichuchumaa mbele ya ubavu uliokatwa, akawasha tochi ya simu, na hapo akasahau kwamba kuna watu. Akaanza kuhesabu kwa kalamu bila kugusa. Midomo ilikuwa inacheza. Kisha akaketi mezani, akafungua daftari kubwa lenye jalada gumu.

"Hili ni daftari la kupokelea," akamwambia Bujiku. "Kila kinachoingia hapa kinaandikwa kwanza humu. Jina la mtunzi?"

"Nyanjige. Nyanjige binti Mayunga. Andika kubwa."

"Aina ya kazi... hapa pana kitabu, picha, sauti, kifaa."

"Weka vyote."

"Nafasi ni ya kimoja, baba."

"Yeye alikuwa anaimba huku anachora huku anafinyanga, akimaliza anacheza. Wewe ulitaka afanye kimoja apumzike? Weka vyote."

Hilaria akaandika vyote, kwa herufi ndogo zilizopanda juu ya mstari.

"Idadi ya kurasa. Nimehesabu ishirini na tatu. Lakini uliniambia miaka ni ishirini na miwili. Halafu kuna huu mweusi, sio mkono wake kabisa. Umepakwa na mtu mwenye hasira."

Salu akakohoa. Korido nzima ilikuwa imejaa watu sasa: wanafunzi waliokuja kusoma, mama wa usafi, wabebaji waliokuwa wanasubiri soda yao.

Kabla Bujiku hajajibu, mlango wa mwisho wa korido ukafunguka. Methodius, mkuu wa maktaba, alitoka amevaa suti ya Ijumaa na sura ya mtu aliyeamshwa.

"Hilaria. Hiki ni nini?"

"Ni ule ukuta wa Dutwa, mkuu. Wenyewe."

"Tope? Ndani ya maktaba? Unajua mchwa wewe? Mzee, shikamoo, pole na safari, lakini sisi ule ukuta tunao tayari. Upo kwenye kalenda, umependeza sana. Hata wageni wa wizarani waliusifu."

"Waliusifu kwa jina gani?" Bujiku akauliza.

"Samahani?"

"Jina la mwenye kazi. Walimsifu nani?"

Methodius akarekebisha tai. Wakubwa wakikosa jibu hushika nguo. "Hilo lilikuwa suala la nafasi kwenye karatasi."

"Uso wake mmepata nafasi. Jina lake likakosa."

Mwanafunzi mmoja akaguna. Methodius akamtazama, akaona watu ni wengi, akabadilisha sauti, ikawa ya mkutanoni.

"Sawa. Tusibishane. Maktaba inathamini wazee wetu. Tutapokea kipande kimoja, hiki chenye uso, tukipulizie dawa, tukiweke mapokezi. Ila hii alama nyekundu itakwanguliwa kwanza. Hatuwezi kuweka mapokezi kitu kinachoonyesha mgogoro na barabara. Nyumba hii ni ya kumbukumbu, siyo ya malalamiko. Hilaria, tafuta kisu na kitambaa chenye maji."

Hilaria hakusogea. Bujiku ndiye aliyesogea. Alisimama kati ya mkuu na gunia, fimbo imelala kwapani, hakuiinua.

"Bwana mkubwa, utaukwangua?"

"Ni rangi tu, mzee. Ni kwa faida ya mkeo."

"Ngoja nikwambie habari ya kukwangua. Unauona mstari huu mweusi? Binti yako hapa ameuliza ni wa nani. Ni wa kwangu. Mimi ndiye niliyempaka mke wangu tope la mbuga mchana kweupe, kwa sababu aliandika kwamba mtoto wetu amekufa nami niko kwa mwanamke Binza." Mama wa usafi akaacha kufagia. "Nilitaka kuficha. Tope likapasuka, nikaonekana mwaka mzima, na bado ninaonekana leo, hapa, mbele ya watoto wa watu. Nimelileta mwenyewe. Jana shemeji yangu aliniambia tulitupe, nikakataa. Sasa kama mimi, niliye mumewe, sikukwangua aibu yangu, wewe nani ukwangue ya kwenu?"

"Ya kwetu?"

"X ni ya nani? Nyanjige hakuichora. Mimi sikuichora. Mliiandika nyinyi, wenye makopo ya rangi, wenye kufuli za zahanati, wenye magari ya kubeba viti. Mmeandika ukurasa wenu kwenye maisha yake kama mimi nilivyoandika wangu. Basi usomwe. Vinaingia vyote sita, na X yake na tope langu, au tunapakia tunarudi, na wewe wale wageni wako ukawaonyeshe kalenda."

Nje maksai mmoja alilia.

Methodius alimgeukia Hilaria, kwa kuwa mkubwa akishindwa na mzee hutafuta wa chini yake. "Umeandika nini kwenye daftari?"

Hilaria alikuwa bado anaandika. Alimaliza neno, akaweka nukta, akaligeuza daftari lisomeke.

"*Vipande sita. Kurasa ishirini na nne: ishirini na mbili za mtunzi, moja ya mumewe, udongo wa mbuga, moja ya watu wa barabara, rangi nyekundu. Nyimbo: zitachukuliwa kwa mume.* Ni kwa wino, mkuu."

"Futa."

"Daftari la kupokelea halifutwi. Ulinifundisha mwenyewe, wiki yangu ya kwanza. Kitu kikikosewa kinapigwa mstari mmoja, ili kilichoandikwa kiendelee kusomeka, na aliyepiga mstari anaweka jina na sahihi pembeni." Akamnyooshea kalamu. "Weka hapa."

Methodius aliichukua kalamu. Akaisogeza mpaka karibu na karatasi. Watu wote wa korido waliitazama ncha yake. Mwanafunzi aliyeguna alikuwa amenyanyua simu. Kuna watu hawaogopi dhambi ila wanaogopa sahihi, na vyeo vingi vimejengwa juu ya woga huo. Kalamu ikakaa hewani, kisha ikashuka mezani polepole, ikalazwa.

"Pulizieni dawa ya mchwa," akasema, akarudi ofisini kwake. "Na hao ng'ombe waondoke getini."

Salu ndiye aliyecheka kwanza. Bujiku hakucheka. Alitoa mfukoni shanga za kipande cha saba, akaziweka juu ya daftari, konzi nzima. "Hizi nazo. Andika ni za ukurasa gani hatujui."

Hilaria akaandika. Kisha akaweka simu mezani, akabonyeza. "Nyimbo, baba. Tuanze na wa mwaka wa kwanza?"

Katika maisha yake Bujiku hakuwahi kuimba mbele ya watu. Alikuwa mtu wa kuchota maji na kukanyaga tope, mkewe akiimba. Lakini miaka ishirini na miwili ya kukanyaga tope ni shule, na nyimbo zote zilikuwa zimeingilia miguuni.

"Tuanze na wa tisa," akasema. "Nikiuweza huo, nyingine ni mchezo."

Akauimba kwa Kisukuma, sauti mbovu kama bawaba za mlango, akikanyaga sakafu ya vigae taratibu. Ulikuwa unamwambia mtu aliyegeuza mgongo kwamba barabara ina pande mbili, na kwamba kandambili mpya hazina mtoto wa kuzikimbilia. Alipofika pale kwenye jina la Kabula alisimama. Salu, aliyekuwa mlangoni, akalitaja kwa niaba yake, nao wakaendelea wawili mpaka mwisho.

* * *

Jumatatu katapila lilikuja. Bujiku alikuwa ametoa vyombo, amekaa kwenye kigoda chini ya anga wazi, anakunywa uji. Dereva alisogeza mashine mpaka mlangoni, akasimama. Akashuka. Akaizunguka nyumba mara moja, akaizunguka tena. Pale palipotakiwa kuwa na alama palikuwa na tundu kubwa la mraba, na ndani yake kitanda kilionekana.

"Mzee, mwangaluka. Nyumba hii X yake iko wapi? Nimeambiwa nivunje zenye X tu."

"Mwangaluka. Iko Bariadi, Maktaba ya Mwangaza. Ukurasa wa ishirini na nne."

Dereva akapiga simu kwa msimamizi wake. Msimamizi akapiga kwa mkubwa wake. Mkubwa wake akampigia Josia, Josia akaja na pikipiki, akalitazama tundu, akavua kofia, akaivaa. Mashine ilinguruma pale bila kazi mpaka jua likafika utosini, ikichoma mafuta bure, kama gari la wagonjwa lilivyoyachoma kwa viti siku Nyanjige anakata roho.

"Baba Kabula, sasa tufanyeje?" Josia akauliza mwishowe. "Si ungekwenda tu kuileta, hata kwa kuazima?"

Bujiku akamaliza uji, akakung'uta kata.

"Niliwauliza," akasema. "Hawaazimishi."